Mawe ya Chokaa

Asubuhi ya kwanza nyumbani nilitoka uani, mswaki mdomoni, nikayakuta mawe yamepangwa kuizunguka nyumba yote. Karibu yote yalikuwa yamepakwa chokaa, nayo bado mbichi.

Nikaduwaa. Gereza nililotoka jana halikuwa na ukuta wala geti. Lilikuwa na shamba, mabweni na mstari wa mawe kama haya. Kuyapaka ndiyo ilikuwa kazi yangu. Hakuna mfungwa aliyeyavuka.

Nikatazama viganja vyangu. Safi.

Mke wangu alikuwa amekaa kizingitini anamenya viazi. Kucha zake zilikuwa nyeupe.

"Mama watoto, ndiyo nini hii?"

"Zamani ulikuwa unaaga unakwenda dukani, unarudi baada ya wiki," alisema kwa upole, bila kuinua uso. "Kule, kila nilipokuja nilikukuta."

"Una wazimu wewe!" Nikacheka, nikaelekea barabarani kwa hasira. Nilipofika kwenye mawe nikainua mguu.

Mguu ukagoma hewani.

Nikausukuma kwa mkono. Wapi.

Nyuma yangu kisu kiliendelea kumenya, taratibu.

"Upande wa jikoni sijamalizia, baba watoto. Brashi iko kwenye ndoo."