Tope Chini ya Mtango

Kidole kilitoka na tope, tena.

Fundi wa cherehani alikipangusa kwenye aproni, akabaki amechuchumaa uani. Siku ya nne hii hajaumwagilia mtango wake hata tone. Mvua hakuna. Na bado udongo umelowa chepechepe, majani ya chini yamekuwa manjano, na vitango viwili vichanga vimenyauka vikiwa bado na ua puani.

Kimebaki kimoja.

Binti yake wa pekee aliupanda wiki ile ya kuolewa. "Mama, nikija mwisho wa mwezi ujao nataka kuuma tango langu mwenyewe," alisema, kisha gari likamchukua. Tangu hapo fundi akirudi kazini hula peke yake kwenye stuli ya jikoni, hufunika sufuria, hutoka uani kuongea na mtango. Nyumba ni kimya kiasi kwamba friji likinguruma anaona kama amesalimiwa.

Kesho yake alibeba jani moja na vile vitango viwili vilivyonyauka hadi duka la mbegu. Muuzaji aliligeuzageuza.

"Mama, mizizi inaoza hii. Unaunywesha kama ngamia."

"Juzi si ulisema maua yakianguka nisilie?"

"Yale yalikuwa madume, kazi yao imekwisha. Haya yana vitango nyuma yake. Haya lia."

"Lakini simwagilii, bwana! Nimechomeka kidole kila jioni kama ulivyonifundisha."

"Bomba linavuja?"

"Ni zima kabisa."

"Jirani je?"

"Ukuta ule hata paka anaukatia tamaa. Na kwangu hakuna mtu wa kuujali huo mti ila mimi."

Muuzaji alicheka. "Basi mama yangu, umepata jini mkulima. Mwambie aje na kwangu."

Fundi hakucheka. Alirudi akihesabu: siku kumi na moja. Mtoto atashuka kwenye gari, atakimbilia uani kabla hata ya kuvua viatu, na yeye atasema nini? Kwamba kitu kimoja tu alichoachiwa kimemshinda?

Siku ya pili umeme ulikatika karakanani. Sare za shule zikabaki mezani na mkono mmoja mmoja, na saa saba mchana msimamizi akawaambia waende makwao.

Alifungua geti polepole. Akasikia maji.

Ufagio ulikuwa pembeni ya mlango. Akaukamata kwa mikono miwili. Alinyata ukutani mpaka kona ya uani, akachungulia.

Mwanamume aliyevaa sare ya ulinzi alikuwa amepiga magoti, mgongo huku, akichota kwenye ndoo kwa kikombe na kumimina taratibu shinani. "Kunywa," alikuwa akinong'ona. "Kunywa basi, anakuja."

Ufagio ukamponyoka fundi kabla mtu yule hajageuka.

Alipogeuka, macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Hakukimbia. Alitazama kikombe, akatazama majani ya manjano.

"Mtoto aliniagiza niumwagilie kila mchana," alisema, sauti ikikwaruza. "Aliniambia wewe huna muda nao."

Hilo lilikuwa neno la kwanza mume wake kumwambia kwa miaka miwili, tangu alipoomba zamu ya usiku na kuhamishia godoro lake chumba cha nyuma.