Nukta Nyekundu za Bi Tunu

Ijulikane kwa wakubwa na wadogo kwamba asubuhi hiyo Bi Tunu aliingia gereji kutoa hukumu nzito. Hukumu yenyewe ilihusu vyuma viwili vya injini ya gari lake, vilivyolala kwenye beseni la dizeli.

"Hivi ndivyo vinavyotuliza mtetemo wa injini," alisema fundi Chande. "Lakini mama, tusivirudishe. Injini itawaka bila hivyo."

"Na itatetemeka?"

"Kidogo."

Bi Tunu alikuwa akipeleka keki za harusi kwa gari hilo, na "kidogo" ya fundi aliiogopa. Alijua pia kwamba chuma kikibaki nje hakikosi mnunuzi.

"Jana ulisema utavirudisha. Umeshampata mteja, baba?"

Chande hakukasirika. "Alama za kiwandani zimefutika, kwa hiyo kabla ya kuvitoa nilitia zangu, nukta moja nyekundu kila kimoja, nijue vinavyoelekea vikikaa mahali pake. Leo kila kimoja kina mbili, sijui ipi ni yangu. Nikivikosea, gari litacheza ngoma. Kuna mtu kanichezea, mama. Nikimjua!"

Bi Tunu akaficha vidole ndani ya mtandio. Chande akautazama mtandio.

"Ni mimi, fundi," akasema. "Jana ulipokwenda kuswali. Nilitia rangi yangu ya kucha, usije ukanibadilishia. Lakini usihangaike, baba. Zangu ndizo zinazong'aa."

Wote wawili wakainama juu ya beseni. Ndani ya dizeli, nukta zote nne zilikuwa zinang'aa.