Itazame Taa, Bibi

Kijiko kiligonga kikombe, ting, ting, ndani ya nyumba yenye giza totoro. Sefanaia alisimama kizingitini na ngazi begani. Mjini Labasa kulikuwa hakujapambazuka, na hiyo ndiyo saa ya fundi kupanda juu ya dari, kabla jua halijayageuza mabati kuwa kikaango.

"Hodi, Bibi."

"Ingia, mjukuu wangu. Chai tayari."

Sefanaia alipapasa ukuta, akabonyeza swichi. Taa ya zamani ikanguruma kama nyuki mzingani, ikawaka.

"Afadhali umewasha," alisema Bibi Dharmati bila kugeuka jikoni. Alimmiminia chai ya tangawizi, akamwekea roti mbili za moto na kipande cha tatu cha kufungia safari. Alipompa kikombe alimtazama kifuani, si usoni, kama wafanyavyo wazee wenye haya.

Feni mpya yenye taa yake ilikuwa imetumwa na Avinesh, mwanawe aliyeko Sydney. Katika ile ya zamani, swichi moja ilitawala vyote viwili. Sasa kila kimoja kilitakiwa kipate swichi yake.

Nyumba ilisimama juu ya nguzo. Sefanaia alishuka chini yake, akazima swichi kubwa, akarudi. Kwa kurunzi ya kichwani aliishusha feni ya zamani, akafunga mpya, akaunganisha swichi mbili ukutani. Ya feni aliizima, panga zisije zikazunguka. Ya taa aliiacha imewashwa. Nyaya za taa zilikuwa tayari; kilichobaki kilikuwa kuunga juu ya dari zile za kuleta umeme kwenye swichi ya feni.

Hapo alisimama barazani chini ya tundu la dari, akalitazama. Mwaka uliopita ndugu yake Apenisa alipanda juu ya dari kama ile, umeme ukamkamata, akashushwa na watu wanne. Tangu siku hiyo Sefanaia hakuwa amepanda tena. Alikuja leo kwa sababu mafundi wengine walisema wana kazi nyingi, na mwanamke mzee alikuwa amelala wiki mbili bila upepo.

Alitambaa kwa tumbo juu ya mbao. Testa yake ya kupimia umeme ikamchomoka mfukoni, ikatumbukia ndani ya ukuta. Hakuthubutu kurudi; akirudi, hatapanda tena. Akazifikia nyaya, akazimenya.

"Mjukuu wangu!" Sauti ya Bibi ilipenya mbao. "Mbona nyumba inatikisika? Unatetemeka, au umenenepa?"

"Yote mawili, Bibi."

Bibi akacheka. "Usihangaike na kushuka tena. Ile swichi kubwa, Waisake, mpangaji wangu wa chini, atakupandishia. Kila alfajiri nikichemsha maji inaanguka, naye huipandisha bila kuombwa. Mtu mwema yule."

Koleo likasimama mkononi mwa Sefanaia.

"Yuko wapi huyo Waisake?"

"Amelala. Namsikia anakoroma... Ee, ameacha."

"Mwite, Bibi! Mwambie asiguse kitu!"

"Waisake! Waisake wee!"

Hakuna aliyejibu. Huko chini maji yalikuwa yakimwagika kwenye ndoo, na mwanamume akiimba wimbo wa kanisani kwa pumzi zake zote.

"Shuka umzuie!"

"Zile ngazi, mjukuu wangu? Mpaka nizimalize, jua litakuwa limetua."

Sefanaia alifumba macho. Akirudi nyuma, nyaya zilizo wazi zitampita chini ya tumbo. Hapakuwa na njia ila kuziunga na kuzifunika.

"Basi kaa chini ya taa, Bibi. Itazame! Ikiwaka tu, piga kelele, nami niachie."

"Nimekaa. Sina kazi nyingine."

Koleo lilikuwa na mipini ya mpira, lakini mikono iliyolishika ililoa jasho. Alisokota waya mwekundu.

"Bibi, taa?"

"Haijawaka."

Akaufunga utepe. Akaushika mweusi.

"Bibi?"

"Bado, mjukuu wangu. Niko hapahapa."

Kila jibu lilikuwa kama kiganja mgongoni. Laiti Apenisa angekuwa na mtu kama huyu chini yake siku ile, aliwaza. Mtu mmoja tu wa kukaa na kutazama.

Wimbo ukakatika.

"Bibi! Ameacha kuimba!"

"Nasikia. Taa haijawaka. Fanya taratibu, sibanduki."

Akasokota mara ya mwisho. Akazungusha utepe, mara moja, mara mbili, mara tano. Akabaki amelala kifudifudi, shavu kwenye vumbi, akihema.

"Bibi, taa?"

"Haijawaka."

Alitambaa mpaka kwenye tundu la barazani, akashuka ngazi, akasukuma mlango ili amshukuru.

Taa mpya ilikuwa inawaka. Mwanga wake mweupe, usio na sauti yoyote, ulijaa chumba hadi pembeni. Bibi Dharmati alikuwa ameketi chini yake kabisa, mikono magotini, uso ameuinua, sikio kalitega. Macho yake yalikuwa wazi katikati ya mwanga ule, na hayakupepesa.

"Bado, mjukuu wangu," alisema kuelekea darini. "Naitazama."

Sefanaia aliteleza ukutani mpaka sakafuni.

"Imewaka sasa hivi, Bibi."

Bibi akageuka upande ilikotoka sauti, akatabasamu.

"Hata mimi naiona. Inapendeza," alisema. "Njoo tena, mjukuu wangu. Njoo hata kama hakuna kilichoharibika."