Salamu za Bi Masouda

Kwa maneno ya jirani yao, Bi Wadha, alimwona Dativa kwa macho yake mawili huko Penang, Malaysia, alikokwenda yeye Wadha na mumewe kupunga upepo. Dativa, mfanyakazi wa Bi Bakhita, kakaa pembeni mwa njia na begi la mgongoni kama vijana wa Kizungu, anakula tambi kwa vijiti viwili. Tena mbele yake kafungua kibati cha halwa ya Maskati, anawagawia Wajapani.

"Na anacheka," akaongeza Wadha, kana kwamba hilo ndilo kosa lenyewe.

Bi Bakhita alikuwa kwenye kochi lake, sebuleni Azaiba, huku Oman, anachagua tende. Dativa alisimama na birika la kahawa, hajui aliweke wapi. Zilikuwa zimepita siku tatu tu tangu arudi likizo, na nyumba nzima ilijua likizo hiyo ameimaliza kwao Tanzania.

Wadha alisema kweli, ila wale hawakuwa Wajapani. Walikuwa Wakorea.

Kila baada ya miaka miwili Bi Bakhita humpa nauli mkononi, aende akawaone wazazi. Dativa hakuwahi kumwambia kwamba wazazi wote wawili wameshazikwa, na Bukoba hakuna tena mlango wa kupigia hodi. Aliogopa likizo itafutwa. Basi mwaka 1998 aliingia kwenye ofisi ya tiketi kule Ruwi akauliza hela hii inafika wapi kwingine. Ikafika Colombo. Mara ya pili Kuala Lumpur na Singapore, mara ya tatu Kathmandu, na safari hii Penang, kwa mabasi ya usiku kucha na vyumba vya vitanda vinane, peke yake, hakuna wa kumwita jikoni. Kuna asubuhi aliamka akacheka tu, bila sababu, mpaka msichana wa kitanda cha juu naye akacheka.

Kurudi ndiko kulikuwa na kazi. Teksi ya uwanja wa ndege hupita mbele ya nyumba yao wenyewe, yeye kajiinamisha kwenye kiti, mpaka Matrah. Sokoni ananunua karafuu na kanga, ndipo anageuza kurudi nyumbani. Bi Bakhita huzinusa zile karafuu kafumba macho, akasema hakuna kinachonukia kama Unguja, alikozaliwa.

Pasipoti, na mihuri yake yote, hurudi kabatini kwa Bi Bakhita. Hilo halikumtisha Dativa. Bi Bakhita hasomi kitu bila miwani, na miwani imepotea siku nyingi.

Safari ya kwanza tu aliteleza kidogo. Alimletea chupa ya mafuta ya kijani ya kupaka kichwa, aliyoinunua Colombo, na Bi Bakhita akauliza kama siku hizi haya yanauzwa Darajani. Dativa akasema yamejaa tele. Safari iliyofuata ndipo Bi Bakhita alipoanza kumtuma apitie Unguja kwa shoga yake wa utotoni, Bi Masouda, na kibati cha halwa. Mwenyewe hawezi kwenda. Mwanawe Thani hamruhusu hata kufika Matrah bila dereva, kwa ajili ya ugonjwa wake wa sukari.

Halwa iliishia njiani, lakini salamu Dativa alileta. Mwanzo Bi Masouda alikuwa hajambo tu. Bi Bakhita akataka zaidi. Basi Bi Masouda akaolewa na mume wa tatu, Marhoon, fundi saa, akagombana na mbuzi wa jirani mpaka kwa sheha. Bi Bakhita alicheka akashika mbavu.

Sasa Wadha alisema mtu wa namna hii hakai nyumbani mwa watu. Hurudishwa kwao, kesho, na harudi tena Oman. Birika likaanza kumchoma Dativa kiganjani.

"Kama alikuwa Malaysia, basi kwa Masouda hakufika," alisema Bi Bakhita. "Dativa, hebu mwambie Wadha habari za Masouda."

"Masouda yupi?" akauliza Wadha. "Mie nimezaliwa Unguja, simjui."

"Ulikuwa mdogo. Dativa, na ule mguu?"

Dativa hakuwahi kusema habari za mguu wowote.

"Umevunjika, Bibi," alisema. "Kwenye nyonga. Aliteleza ngazini."

"Na ananitaka."

"Kila siku, Bibi. Anasema hataki kufa hajakuona."

Bi Bakhita akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Wadha alijikaza, halafu naye akaanza kulia, akasema pengine yule wa Penang alikuwa mtu kafanana naye tu, jua lilikuwa kali. Akauliza kama Thani anajua hali ya huyu bibi wa watu. Bi Bakhita alisema hana moyo wa kumwambia. Wadha akainuka pale pale, akajitanda buibui, akasema atamwambia yeye, leo hii hii, na Thani akikataa kumpa mama yake ruhusa ya kwenda Unguja, atamsikia.

Mlango ukafungwa. Dativa alishusha pumzi, akageuka kwenda jikoni.

"Weka birika. Kaa."

Bi Bakhita aliingiza mkono chini ya mto wa kochi, akatoa miwani, akaivaa. Kisha akatoa pasipoti ya Dativa, risiti za vyumba vya vitanda vinane zimebanwa ndani yake, akaiweka mezani, na juu yake akaweka ya kwake, mpya, haina hata mhuri mmoja.

"Mie sijapata kuwa na shoga anaitwa Masouda, mwanangu. Nimemtunga," alisema. "Sasa n'ambie, na wewe usinifiche. Kwenye hivyo vyumba vya vitanda vinane, mtu wa umri wangu utamchukua?"