Paa ya Mwalimu Kasuku

Hii sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwepo, nimejibanza nyuma ya darasa, na asiyeamini shauri yake.

Mwalimu Kasuku aliwafundisha vifaranga wa kanga na kwale Kiswahili kitupu. Alilotamka yeye, darasa lilirudia. Ila Madoa, kifaranga wa kanga, kila neno alilinong'ona kwa Kikanga, kisha akamgeukia jirani yake kwa Kikwale.

"We Madoa! Lugha za nyumbani ziache kiotani," Kasuku alifoka. "Nikikusikia tena, shule huna! Haya, semeni: paa!"

"Paa!"

"Paa ni mnyama."

"Paa ni mnyama!"

Mara kicheche akaingia mlangoni, anajilamba. Kasuku akafungua mabawa, akarukia dirishani huku anapiga ukelele: "Jamani, paa! Paa!"

Darasa zima, limekaa kitako, likaitikia: "Jamani, paa! Paa!"

Kicheche mwenyewe alicheka. Madoa akayatazama mabawa ya mwalimu, akang'amua kwamba huyu siyo paa wa miguu minne, ni paa ya kwenda juu. Kufukuzwa shule alikuogopa sana, lakini alipaza sauti kwa Kikanga, halafu kwa Kikwale: "Rukeni!" Wote wakaruka, kicheche akabaki anatafuna manyoya.

Huko mtini Kasuku akasema, "Madoa mwanangu, nisamehe."

Yote hayo niliyaona kwa macho yangu haya. Ila huo msamaha nimeutia mimi. Alichosema Kasuku ni, "Nani kapiga kelele kwa Kikanga?"