Kasuku wa Tunu

Kila mtoto wa chekechea hubandikwa kasuku kwenye sare. Ni kifaa kidogo kama kifungo, kinachosikiliza Kiswahili cha nyumbani, na kesho yake shuleni kinamfundisha mtoto maneno yaleyale kwa Kiingereza. Kisichosemwa nyumbani hakifundishwi.

Mimi sikubahatisha. Sikutaka Tunu wangu ajue Kiingereza cha matusi kama watoto wa jirani. Siku ya kwanza tu nilimwambia mume wangu, "Masoud, humu ndani ni maneno mazuri tu. Ukitaka tugombane, twende uani." Mgongo ukiniuma, nilinyamaza. Mama mkwe alipofariki, tulilia uani, Tunu na kasuku wake wakibaki sebuleni.

Basi Tunu akawapita wote! Kuomba, kushukuru, kupongeza, Kiingereza kinamtoka kama maji. Mwalimu Hedwiga alinisifu mbele ya wazazi wenzangu, nami sikujifanya mnyonge.

Leo mchana mwalimu huyohuyo amenipigia simu kutoka zahanati. "Mama Tunu, njoo. Sikio lake linatoa usaha. Daktari anasema limemuuma wiki nzima."

"Wiki nzima! Na hakusema?"

"Kila asubuhi nilimuuliza kwa Kiingereza kama anaumwa. Alijibu yuko salama, akanishukuru kwa kumjali."

Nilimkuta kitandani, pamba sikioni. Nikampakata. "Tunu, mama, niambie mimi kwa Kiswahili. Linauma sana?"

Akakitazama kile kifungo kifuani pake, kisha akaninong'oneza:

"Twende uani kwanza."