Saba Mara Nne

"Usinyamaze, mwalimu," daktari alisema kutoka upande wa pili wa shuka la upasuaji.

Mtaalamu wa dawa ya usingizi alikuwa amepelekwa vitani kaskazini, hivyo Pudentienne alikuwa macho, ametiwa ganzi shingoni tu. Majirani zake mtaani Kicukiro walidai rovu lake, uvimbe ule wa shingoni, limeletwa na kupaza sauti darasani. Daktari alikanusha. Sauti haileti rovu, alisema, ila kulitoa kunaweza kuharibu sauti, kwa kuwa neva inayoiendesha, nyembamba kama uzi wa kushonea, hupita nyuma yake. Mgonjwa akiendelea kuzungumza, neva iko salama.

"Wanafunzi wangu wangekuomba uikate, dokta," alisema. Muuguzi aliyesimama karibu na kichwa chake akacheka.

Akaanza jedwali la saba, kama kila asubuhi darasani. "Saba mara mbili, kumi na nne. Saba mara tatu, ishirini na moja. Saba mara nne..."

Pumzi ilitoka. Sauti haikutoka.

Koleo la daktari liliwekwa taratibu kwenye sahani.

"Saba mara nne?" daktari aliuliza, macho yake kwenye kidonda. "Mwalimu? Ni ngapi?"

Midomo ya Pudentienne ilitamka ishirini na nane. Muuguzi peke yake ndiye aliyeiona.